Tarehe Iliyokataliwa

Mwaka ambao mama yangu alikuwa anasubiri kuondolewa mtoto wa jicho, mimi nilikuwa sikai nikatulia. Sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Kwenye treni ya kutoka Northfield, kitongoji tunakoishi huku ughaibuni, kwenda mjini husimama mlangoni hata viti vikiwa vitupu, na nikifanyia kazi nyumbani huzunguka chumba huku nasoma msimbo wa kompyuta kwa sauti. Natengeneza vipande vya kurasa za mtandao: vitufe, menyu, visanduku vya kujazia jina na anwani. Timu nyingine huvichukua na kuvijengea fomu za wateja wetu. Kila kipande kina sehemu ya nje, ambayo wenzangu wanaruhusiwa kuigusa na kuibadili, na sehemu ya ndani, ambayo ni yangu peke yangu. Ni kama jiko la gesi. Wewe zungusha kitufe upike. Bomba niachie mimi.

Watu hawaachi, bwana. Mtu akikosa kitufe anachokitaka nje, hupenya ndani kwa ujanja wake, na siku nikipanga upya vitu vyangu fomu yake inavunjika, kisha lawama zinakuja kwangu. Jambo hilo lilikuwa linanikera mpaka nalala nalo. Basi nikawa mwanamke anayefungia kila kitu, na sifa hiyo, nisiseme uongo, nilijivunia.

Kipande cha tarehe kilikuwa changu tangu mwanzo. Kilikuwa na visanduku vitatu, siku, mwezi na mwaka, na viwili vya kwanza vilianza na moja na Januari. Wavivu walichagua mwaka tu wakaacha vingine vilivyo, na wateja wakalalamika kwamba dunia nzima imezaliwa mwaka mpya. Njia safi ilikuwepo, ya kuangalia kama mtu amegusa kisanduku au hakugusa, lakini ingenila siku mbili na nilikuwa na hamu ya kazi nyingine. Nikaandika mstari mmoja: tarehe moja Januari ikataliwe, mwaka wowote ule. Nikatunga na ujumbe mwekundu wa kumwambia mtu ajaze upya. Vyote nikaviweka ndani, bila kitufe chochote cha nje cha kuvizima. Waliozaliwa siku hiyo kweli, nilijiambia, watapiga simu.

Fomu za kliniki za macho alikuwa anazijenga mwenzangu mmoja, Msomali aliyelelewa Nairobi. Yeye aliingia ndani ya kipande changu akaizima kanuni ile kimyakimya. Sikujua. Nilipotoa toleo jipya, majina ya ndani yamebadilika, ujanja wake ukafa, naye akaja mezani kwangu.

"Dada, component yako mpya imeharibu form yetu. Ile check ya Januari tulikuwa tumei-disable."

"Mmezima kitu cha ndani. Nani aliwaruhusu?"

"Ungetuwekea switch huko nje, singeingia ndani. Unajua kuna watu..."

"Andika tiketi."

"Si uniskize kwanza? Dakika mbili tu."

"Tiketi, kaka."

Ofisini kwetu tiketi ni ombi la maandishi, na pia ni namna ya adabu ya kumfukuza mtu. Akacheka kidogo bila furaha, akaenda zake. Tiketi aliiandika siku ileile. Niliiona ikiingia, nikaiacha wiki tatu bila kuifungua, kwa kiburi tu.

Katika wiki hizo kliniki ilimtaka mama athibitishe siku ya upasuaji kwa kujaza fomu kwenye simu. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu kabisa na la kushoto lilikuwa linaanza kulifuata. Alikuwa ameacha kusoma Biblia kanisani, na chai aliimimina nje ya kikombe. Fomu aliijaza mwenyewe jikoni, simu ameisogeza karibu na pua, mimi nikiwa chumbani nimefunga mlango. Nilimsikia akiniita mara moja. Nikajibu, "Niko kazini, Mama!" kwa ile sauti yangu. Hakuita tena.

Siku ya upasuaji tulifika mapema. Alikuwa amevaa kitenge anachovalia harusi. Mhudumu wa mapokezi akamuuliza tarehe ya kuzaliwa, mama akaitaja, mhudumu akatazama skrini, akauliza tena. Tarehe hazilingani, akasema, na bila kulingana daktari hawezi kuendelea. Nikamjia juu. Nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye lifti, kwamba kosa ni lao, kwamba mama ana tarehe hiyohiyo tangu tuingie nchi hii, na amwite mkubwa wake. Mama akanivuta mkono.

"Acha, mama," akaninong'oneza, maana ndivyo akina mama wa kwetu Bukavu, Kongo, wanavyowaita binti zao. "Ni miye niliandika deux janvier." Mbili Januari.

Nafasi yake akapewa mtu mwingine. Tukaambiwa tusubiri barua.

Kwenye basi alikaa dirishani akazungumza bila kunitazama.

"Nilijaza muzuri. Premier janvier, tarehe moja, kama ku papiers zote. Form ikakatala. Nikarudilia, ikakatala tena. Ikatosha inje maneno ya rouge: andika tarehe yako ya kweli ya kuzaliwa."

Maneno yale niliyatunga mimi. Hata neno lile la "kweli" nililiongeza mwenyewe, siku ile, kwa kuwakasirikia wavivu.

"Nikawaza, sasa bamejua," akasema.

"Wamejua nini?"

"Kama ile tarehe si ya kweli. Ni agent wa kambi ya bakimbizi njo aliiandika. Miye nilimwambia nilizaliwa wakati wa kuvuna maharagi, ye akaandika premier janvier. Batu bote ba ku mustari wangu aliwaandikia ile ile. Sasa machine imeona. Nikaogopa, nikatia ingine."

Kumbe wiki zote zile, kila barua ilipodondoka mlangoni, alikuwa anakimbilia kuiokota kabla yangu, akiamini ni serikali imemwandikia kumwuliza kwa nini aliwadanganya. Mimi nilidhani ana hamu ya barua ya hospitali. Na tarehe yake naijua kama jina langu. Nimeijaza kwenye fomu zake tangu nina miaka kumi na mmoja. Siku ninaandika ule mstari haikunijia hata kidogo.

"Mama, hiyo mashine ni mimi," nikasema. "Ndiyo kazi yangu. Yale maneno mekundu niliyaandika mimi."

"Weye?"

"Mimi."

"Na tarehe yangu unaijua."

"Naijua."

Tukashuka, yeye mbele, mimi nyuma. Nimewahi kugombezwa na mama yangu mara nyingi na kwa haki, lakini aibu ya kituo kile cha basi sijawahi kuionja tena. Nilitamani anipige.

Kesho yake niliifungua tiketi kabla sijavua koti. Mwenzangu alikuwa ameandika mistari minne. Baba yake, mama yake na shangazi zake wawili, wote moja Januari kwenye vitambulisho. Majirani zake vilevile. Aliomba kitufe cha nje cha kuizima kanuni, au niiondoe kabisa, na chini akaandika asante. Nikamfuata alipokaa.

"Ungeniambia," nikasema, halafu nikakisikia nilichokisema.

"Nilijaribu, dada."

"Najua. Nisamehe. Mama yangu pia."

"Januari?"

"Januari."

Akavuta kiti cha pili akakigonga kwa kiganja. Tuliketi pamoja, nikamwonyesha ndani kwangu kulivyo, na tukaifanya kazi kwa njia ile safi. Ilichukua siku mbili, kama nilivyojua tangu mwanzo. Baadaye nilipitia vipande vyangu vyote, kimoja kimoja, nikijiuliza kila kilichofungwa nilikifunga kwa nini. Baadhi vilistahili na nikaviacha hivyohivyo, kwa sababu bado naamini mtu hapaswi kuingiza mkono kwenye bomba. Vingi nilivifunga kwa kuchoka tu kuulizwa maswali. Walioogopa wakaandika mbili Januari kabla hatujarekebisha hatukuweza kuwatambua, na hilo linaniamsha mapema mpaka leo.

Rekodi ya mama ilirekebishwa kwa barua na simu nyingi, na nafasi mpya ikapatikana baada ya miezi minne. Katika miezi hiyo jicho la kushoto nalo likazidi. Kila alfajiri nilimsomea mlango mmoja wa Biblia, mguu wangu ukitikisika chini ya meza, naye akaniambia nisome polepole, Mungu hana haraka yangu.

Siku ilipofika nilisimama nyuma yake nimeingiza mikono mifukoni, nimejiapiza kutofungua mdomo. Mhudumu, mwanamke mwenye sauti ya upole, akamuuliza tarehe ya kuzaliwa. Swali hilo mama yangu amelijibu katika nchi tatu, kwenye foleni za unga wa msaada na mbele ya maofisa wenye bunduki, bila kupepesa. Sasa alifungua mdomo, akaufunga. Akageuka akanitafuta kwa jicho lililobaki, akangoja nimwambie kama inaruhusiwa.

Nikaitikia kwa kichwa, na ndipo akaitaja.