Maji Hayakunirudishia Mtoto

Kabla ya maradhi ya kifua sikuwa mtu wa kuugua. Mimi ni wa Tingi, na kazi yangu tangu usichana, enzi za Mwingereza, ilikuwa kujaza magodoro na mito ya sufi, ile pamba ya matunda ya msufi. Bibi harusi gani wa kwetu aliolewa bila godoro langu? Misufi ikianza kupasuka nilijifungia chumbani nikachambua, mlango na dirisha nimeziba, maana sufi ikiguswa na upepo imekwenda na kazi yako. Kila msimu nilipiga chafya kidogo. Nilikuwa nikisema ni mafua tu.

Mwaka niliomzaa Zuhura, mafua hayo yalinionyesha kazi. Pua ilitiririka kutwa. Macho yaliwasha, nikayafikicha hata yakavimba. Kisha kifua kikabana, kikawa kinapiga filimbi, na makohozi mazito yakanikaba koo.

Watu wakanong'ona kifua kikuu. Mama mkwe wangu, Bi Somoe, alikuja akamtoa mtoto mapajani mwangu.

"Mwanangu, usinione mbaya. Huyu bado mchanga. Nitakaa naye mpaka upone."

Nilimchukia, sifichi.

Basi nikataka kupona upesi. Jirani akaniambia maji mengi huosha mafua. Nilikunywa jamani! Maji ya kisima chetu yana chumvichumvi, nikayabugia hata tumbo likajaa kama ngoma, nikawa mtu wa kushinda njia ya chooni. Haki isemwe, koo lililainika na makohozi yakatoka kwa wepesi. Lakini chafya ni zilezile na kifua ni kilekile. Mume wangu, kwa huruma zake, akanirundikia mito mipya nilale nimeinuka, nipate pumzi. Mito ya sufi! Hali ikazidi.

Aliponiona midomo imegeuka rangi alinipeleka hospitali, Kivinje. Wakanipima makohozi.

"Mama, kifua kikuu huna," daktari akasema. "Haya hukujia wakati gani?"

"Misufi ikipasuka."

"Na kazi yako?"

Nilipomweleza alitikisa kichwa. "Mwili wako haupatani na vumbi la sufi. Maji kunywa, yanasaidia koo. Lakini ukirudi chumba kile, hata ukimaliza kisima kizima utaletwa tena hapa."

Niliacha kazi. Tukatoa magodoro yote, tukalalia mkeka. Kifua kikafunguka polepole, nami nikaenda kumchukua mwanangu. Maziwa yalikuwa yamekauka. Akalia kuniona, kwake mimi mgeni, akimnyooshea mikono bibi yake.

Alhamdulillahi, ninapumua. Wenzangu mnaopiga chafya kila msimu, maji kunyweni. Ila tazameni mnachokivuta puani, mkapimwe mapema, kabla watu hawajawapa maradhi ya midomoni mwao. Zuhura sasa ni mtu mzima, na ananipenda. Lakini akishtuka, akiumwa, jina linalomtoka kwanza ni la Bi Somoe.