Dua kwa Gari Lililoshindwa Jana

Nakumbuka Jumatatu moja ya mnada pale Mtinko, Singida, jua la saa tisa limelalia bati la banda langu kama kuku anayeatamia, na mzee mmoja amesimama mbele ya televisheni, kofia mkononi, analiombea gari.

Keti, mwanangu, nikusimulie. Najua utacheka ukisikia najiita mzee, maana mvi sina, na mtoto wangu wa kwanza ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Lakini kwa mambo ya televisheni mimi ni mzee wa baraza. Vitu vya siku hizi vinazeeka upesi kuliko watu. Nimeliona banda la video likijaa mpaka watu wanachungulia kwenye matundu ya misumari, nikaliona likipwaya, nikaliona likirudi na sura nyingine. Aliyeona hayo yote nadhani ana ruhusa ya kushauri kidogo.

Shule yangu iliishia kidato cha pili. Mjomba alinikabidhi banda lake la video, dishi moja, sola mbili na mabenchi ya mbao yanayokwaruza suruali. Mpira ulionyeshwa na kila mtu. Mimi nikapenda mbio za magari za ng'ambo, zile za magari yanayofanana na haya ya barabarani, ila yamechorwa rangi kama khanga. Yanazunguka uwanja wa duara, mzunguko baada ya mzunguko, siku zote yanakata kushoto. Mzee Ntandu alipoyaona mara ya kwanza alisema yanazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Lakini hakuondoka. Alisema uzuri wake ni kwamba gari likikupita usisikitike, litarudi.

Mtangazaji wa mbio zile alikuwa na Kiingereza cha puani. Watu hawakumwelewa, na mimi mwenyewe nilimwelewa robo. Basi nilikuwa nazima sauti, nasimama pembeni na kijiti changu, natangaza mwenyewe. Nisichokijua nakibuni. Gari likigongwa kwa nyuma, nasema limegongwa na shemeji yake anayedai majibu ya posa. Likiingia pembeni kubadilishwa magurudumu, nasema limeenda kunywa uji. Kiswahili kikiniishia naingia Kinyaturu, na hapo ndipo banda linapasuka kwa kicheko.

Mbele kabisa palikuwa na vigoda viwili. Kimoja cha Mzee Ntandu, mkulima wa alizeti, Mnyaturu mwenzangu. Cha pili cha Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kwetu kabla sijazaliwa. Wawili hao walikuwa watani, na unajua watani hawasalimiani bila kuchomana. Walikuwa na sharti lao. Kila mmoja anachagua gari, na ambaye gari lake litashindwa anabeba kigoda cha mwenzake kichwani, anakizungusha mnada mzima, apite kwa wauza vitunguu, apite kwa wauza kuku, mpaka kwenye zizi la ng'ombe, ndipo akirudishe bandani. Vigoda vilikuwa vinalala kwangu wiki nzima. Na kwetu, mwanangu, mtu mzima haachi kigoda chake mahali asipopaamini.

Mzee Ntandu hakubadili gari hata siku moja. Lake lilikuwa la njano, alilipa jina Alizeti, na likishindwa wiki hii alilirudia wiki ijayo.

Kisha simu zikaja. Simu za batani tulikuwa nazo zamani. Nasema hizi za kupangusa kwa kidole. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Vijana wakaanza kununua bando na kuangalia mbio kwenye kiganja, wamekaa kwenye boda au wanachunga. Benchi la nyuma likaachwa, la kati likafuata. Nilikuwa natangaza huku nahesabu migongo, na kila Jumatatu migongo ilikuwa michache. Nilikuwa kijana mwenye ndoto, nimejiona mtangazaji mkubwa wa nchi nzima, na sasa naiona ndoto inatoka mlangoni mtu mmoja mmoja.

Hapo ndipo nilipokosea.

Mbio zile kwa saa zetu zinakimbizwa Jumapili usiku. Mimi nilikuwa naonyesha marudio, Jumatatu alasiri. Mwanzoni watu hawakuuliza ni za lini, na mimi sikusema. Lakini mabenchi yalipopwaya nikachukua chaki, nikaandika kwenye ubao wa nje kwa herufi kubwa: MBIO MUBASHARA, SAA TISA. Nikajiambia ni neno tu, halina madhara. Watu wakarudi kidogo. Nikaanza kusema, kijiti kikiwa juu, "Hivi tunavyoongea, huko ng'ambo matairi yanatoa moshi." Na mimi mwenyewe mshindi nilikuwa namjua tangu asubuhi, nimemwona kwenye simu yangu.

Zikapita Jumatatu kadhaa, na Mzee Masanja akawa hashindwi. Leo anachagua jekundu, linashinda. Wiki ijayo jeupe, linashinda. Na kila mara anaketi kwenye zizi la ng'ombe akimsubiri mtani wake afike na kigoda kichwani.

"Mnyaturu, gari lako lina mwendo wa kuku mwenye vifaranga," anamwambia mbele ya watu.

"Cheka tu, Msukuma. Wewe siku ya kwanza kupanda basi uliuliza ng'ombe wako atakaa kiti gani."

Watu wanacheka, na Mzee Ntandu anacheka nao. Lakini mimi nilikuwa namwona akirudi bandani. Magoti yalikuwa yanamsumbua. Anakiweka kigoda chini, anajishika kiuno, anaangalia ile televisheni iliyozimwa kama mtu anayeiuliza swali. Nilijua kabisa Mzee Masanja anaonyeshwa mshindi na wajukuu zake asubuhi. Nikanyamaza, kwa sababu kusema la Masanja ni kusema na langu.

Sasa turudi kwenye ile Jumatatu. Imebaki mizunguko michache na Alizeti liko la pili. Mzee Ntandu akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa. Alikuwa anaomba kwa sauti ya chini, midomo inacheza. Mimi najua Alizeti litagonga ukuta. Na bado nikapandisha sauti, nikasema leo ni leo, mkulima anavuna.

Wakati huohuo akaingia mjukuu wake, Neema, anayesomea ualimu mjini, aliyekuwa nyumbani likizo. Alikuwa amemwona babu yake wiki iliyopita akipita mnadani na kigoda kichwani, na hakupenda. Neema hakupiga kelele. Alimpigia babu yake goti, akasema shikamoo, akampa simu. Kwenye kioo palikuwa na gari la njano limekunja uso kwenye ukuta, na chini yake pameandikwa neno "jana".

Mzee aliiangalia. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu Hamisi, mbio hizi ni za sasa hivi?"

Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Mlango wa ukweli ulikuwa wazi, nilichotakiwa ni kuinama tu nipite. Nikaangalia yale mabenchi.

"Ni za sasa hivi, Babu."

Nyuma yangu, kwenye televisheni, Alizeti likagonga ukuta.

Mzee Ntandu alimrudishia Neema simu. Alivaa kofia, akainama, akachukua kigoda chake kwapani, akatoka. Kigoda kile kilikuwa hakijawahi kutoka bandani isipokuwa kwa sharti la utani. Watu walikiona kinatoka, wakaelewa. Mmoja akanyanyuka, na mwingine, na hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale mlangoni. Jumatatu iliyofuata nilitangaza mbio kwa mabenchi matupu na kigoda kimoja cha Mzee Masanja, naye alikuwa amekuja kunibandika jina. "Hamisi Mubashara," aliniita. Mpaka leo wapo wanaoniita hivyo.

Nilizima televisheni. Nikamwambia Mzee Masanja kwamba nataka kwenda kuomba radhi, na miguu inakataa.

Akakuna ndevu. "Na mimi nina deni la mgongo wake," akasema. "Nilidhani anajua ni za jana. Nilidhani Mnyaturu anabeba kigoda kwa utani tu, maana nani siku hizi hajui? Kumbe yule mtu alikuwa anaamini kweli."

Hukumu nzito kama hiyo sijawahi kuisikia tena. Alikuwa anaamini kweli.

Kwetu ukimkosea mtu mkubwa huendi peke yako, na hakuna wa kwenda naye anayefaa kuliko mtani wake, maana mtani husema lisilosemeka na hapigwi. Tulimkuta Mzee Ntandu uani anapepeta alizeti. Nikasema shikamoo. Akaitikia, marahaba, na ungo hakuusimamisha. Mzee Masanja akamwambia, "Mnyaturu, nimekuletea mwizi. Na mwizi wa pili ni mimi, chagua wa kuanza naye." Nikaona pembe ya mdomo wa Mzee Ntandu inataka kucheka, ikajizuia.

Nikasema yote. Ubao, chaki, simu yangu ya asubuhi. Nikasema niliogopa kuachwa.

Akaweka ungo chini.

"Kubeba kigoda si kitu," alisema. "Huyu Msukuma ningembeba hata yeye mwenyewe. Ila ulinisimamisha mbele za watu nikaliombea kwa Mungu gari ambalo lilikwisha kushindwa jana. Nikavua kofia. Hilo ndilo lililoniuma, mwanangu. Ulifanya dua yangu iwe mchezo wako."

Nililia, sikufichi. Aliniacha nilie. Kisha akaniuliza kama namfahamu sungura wa hadithi. Nikasema namfahamu. Akauliza, nani hushinda mwishoni, sungura au fisi? Nikasema sungura.

"Kila mtoto wa hapa anajua hivyo. Na bibi yako alipoianza tena, ulimwambia anyamaze kwa kuwa unaujua mwisho?"

Nikasema hapana. Nilikuwa namwomba arudie.

"Basi. Magari ya watu nisiowajua, kwenye nchi nisiyoijua, yana nini na mimi? Nilikuwa nakuja kukusikiliza wewe. Hao wenye simu magari wanayo. Shemeji anayedai majibu ya posa hawana." Akachukua ungo wake. "Andika kwamba ni za jana, uone nani atakuja."

Nikaandika. Jumatatu ile ubao wangu ulisema hivi: MBIO ZA JANA. MSHINDI ANAJULIKANA. KARIBUNI MSIKIE ALIVYOSHINDA.

Saa tisa ilifika, hakuna mtu. Nikawasha sola, nikajipa moyo. Mara nikasikia vicheko vinakuja kutoka upande wa zizi. Nikatoka nje. Mzee Masanja alikuwa anakuja katikati ya mnada, na kichwani amebeba kigoda cha Mzee Ntandu, shingo imenyooka kama bibi harusi. Nyuma yake Mzee Ntandu anatembea mikono mgongoni, anamhimiza: "Taratibu, Msukuma, usije ukakimwaga." Masanja alikuwa amekubali kukizungusha mara moja kwa kila Jumatatu aliyomdanganya mtani wake, na ule ulikuwa mzunguko wa mwisho. Nyuma yao wauza vitunguu, vijana wa boda, akina mama, na simu zao mkononi wanapiga picha.

Kigoda kikawekwa mahali pake. Mzee Ntandu akakikalia, akasema, "Haya, Mubashara. Alishindwaje huyo Alizeti?"

Nikatangaza kama sijawahi kutangaza.

Neema alinirekodi siku ile akaniweka mtandaoni, na watoto wa Singida walioko Dar es Salaam na Mwanza wakaanza kuuliza, yule anayetangaza magari kwa Kinyaturu yuko wapi? Baadaye chaneli ile ikaacha kuonyesha mbio, wakasema watazamaji wamepungua na mbio zimehamia mtandaoni. Zamani habari hiyo ingenizika. Nilichofanya ni kuunganisha simu na televisheni, nikaendelea. Sasa wanaonisikia kwenye viganja ni wengi kuliko waliowahi kukaa kwenye mabenchi yangu, na mabenchi nayo siku za mnada hayapungukiwi. Simu niliyoichukia ndiyo iliyonibeba. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwanangu, na wewe una ndoto yako, naiona machoni. Kuna siku watu watakupungukia, maana kila kinachowashwa hufika wakati kikafifia. Usikimbilie kuwadanganya ili wakae. Aliyeondoka kwa kufuata kitu kipya anaweza kurudi jioni. Aliyeondoka kwa kudanganywa huondoka na kigoda chake. Ukiulizwa ukweli mara ya kwanza, useme hapohapo, maana uongo wa pili ndio unaofunga mlango. Ukiwa umekwisha kukosea, nenda, na ukiogopa tafuta mtani akushike mkono. Na usigombane na chombo kipya. Jiulize wewe una nini ambacho hicho chombo hakina, ukiseme kwa sauti yako na kwa lugha ya mama yako. Dunia ni pana, mwanangu, ina nafasi yako.

Mungu akupe mdomo wa kuchangamsha watu na moyo wa kutowachezea. Akupe mzee wa kukuuliza swali mbele za watu, na nguvu ya kumjibu kweli. Na popote utakapofungua mlango wako, watu waache vigoda vyao kwako wiki nzima, walale bila wasiwasi.