Pakine, Upo?

Siku moja kabla mambo hayajaharibika, nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikimenya viazi, na Pakine alikuwa akinicheka kwa namna ninavyoshika kisu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Ukungu wa mlima Oldeani ulikuwa haujaondoka, na ng'ombe wake walikuwa wanakula mabua shambani kwa kaka yangu Tluway, kwa ruhusa ya Tluway mwenyewe. Nalitaja hilo kwa sababu baadaye watu walizungumza kana kwamba hatujawahi kukaa pamoja.

Pakine si jina la kuzaliwa. Kwa wafugaji wa kwao Endulen, mtu akikupa mbuzi na wewe ukampa mbuzi, mnaacha kuitana majina yenu. Wewe unamwita Pakine, naye anakuita Pakine. Jina moja, watu wawili. Mimi niliacha shule darasa la sita na tangu hapo sikuweza kutulia mahali. Nimechuma kahawa, nimevuna vitunguu bondeni Eyasi, nimebeba mizigo ya watalii kwenye ukingo wa kreta. Huko kreta niliugua homa, yeye akanikuta nimelala njiani, akanipeleka nyumbani kwao. Mama yake alininywesha maziwa mpaka nikaweza kusimama. Siku naondoka, Pakine akanipa mbuzi jike mweupe. Msimu wa kahawa ulipoisha, nikampelekea wa kwangu.

Jina lake la kuzaliwa nalijua, ila sitaliandika. Kwa watu wake, marehemu hatajwi jina.

"Hivi ukiniita Pakine," nilimuuliza asubuhi ile, "unamwona nani? Mimi au wewe?"

"Namwona mbuzi."

"Nauliza kweli. Na mmoja wetu akifa, jina linabaki na nani?"

"Menya viazi, Pakine. Maswali yako hayashibishi mtu."

Jioni yake ng'ombe wa mtu mwingine waliingia kwenye maharage ya bondeni, karibu na chemchemi. Mchungaji wao akapigwa, akavunjwa mkono. Kulipokucha, ghala la mahindi la upande wetu lilikuwa linaungua. Mchana, maboma mawili ya upande wao yakawaka. Redioni waliita mgogoro. Sisi tuliokuwa ndani yake tunaiita vita, maana tulizika watu.

Siku ya tatu wanaume wa kijiji walikusanyika nyuma ya kanisa na pinde zao. Nilisimama pembeni. Sijawahi kuwa fundi wa upinde, na nilikuwa natafuta njia ya kuondoka kama nilivyozoea kuondoka kila mahali. Mzee mmoja akaniona.

"Na huyu ndugu wa mbuzi?" akasema. "Leo tutajua ni mtoto wa nani."

Watu walicheka. Tluway hakucheka, alitazama chini. Aibu ya kaka yangu ndiyo iliyonishika kuliko ule mzaha. Nikachukua upinde.

Tulijificha kwenye korongo juu ya shamba la maharage, tumelala kifudifudi, mimi na Tluway bega kwa bega. Upande wa pili, kwenye vichaka, tuliona mashuka mekundu yakisogea.

Jua likafika kati. Hakuna aliyerusha.

Halafu mtu mmoja akatoka vichakani, akashuka taratibu kuelekea kwenye chemchemi. Hakuwa na mkuki. Fimbo yake alikuwa ameilaza mabegani, mikono yote miwili juu yake, ili kila mtu aione.

"Pakine!" aliita. "Pakine, upo?"

Nilimjua kabla hajaita.

"Wazee wanataka kuongea! Pakine, nijibu, wajue nina mtu huko!"

Watu kwenye korongo walianza kunong'ona kwamba ni mtego. Tluway akanigeukia.

"Anakuita wewe huyu?"

Ilihitajika kauli moja tu. Ningesema "Nipo", pinde zingeshuka, angalau kwa muda wa watu kuuliza. Ila nilimwona yule mzee akinitazama.

"Sijui," nikasema.

"Pakine, upo?"

Nikanyamaza.

Akasogea hatua nyingine tatu, ameinua shingo, anachungulia korongo.

Mshale uliompata haukuwa wangu. Haukuwa wa Tluway.

Nilipomfikia alikuwa amekaa chini, kama mtu aliyechoka. Aliniangalia.

"Kumbe ulikuwepo," alisema.

Hakusema neno jingine.

Mapigano yaliendelea mpaka askari walipofika. Siwezi kueleza nani alimpiga nani, kwa sababu nilikuwa nimekaa pale nimemshika, na mishale ilipita juu yetu, na hakuna hata mmoja ulionipata. Kwa nini haukunipata, nimejiuliza sana.

Miaka imepita. Nimemuuliza katekista wa Rhotia nafsi ni nini, akanieleza vizuri, ila alinieleza ya watu wote. Mimi nataka kujua ya kwangu. Nataka kujua ni nani yule aliyekuwa kwenye korongo, aliyeogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kifo cha mwenzake. Nikimtafuta ndani yangu simpati. Napata sauti ya mzee, macho ya kaka, kicheko cha watu. Vitu hivyo ndivyo nilivyovilinda, nikadhani ni mimi. Wala kifo sikukiona pale nilipokitarajia. Nilidhani kinaanza mshale unapoingia. Kwangu kilianza niliposema sijui.

Mwaka mmoja baada ya vita nilikwenda Endulen na mbuzi jike. Niliinamisha kichwa mbele ya mama yake, kama mtoto anavyomsalimu mkubwa. Alikaa muda mrefu kabla hajaniwekea mkono kichwani. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia aliniita mara ngapi.

"Usilitaje jina lake," alisema.

"Sitalitaja, mama."

"Mimi namwita kila asubuhi, moyoni. Haitiki." Akauondoa mkono wake kichwani mwangu. "Alikuita, hukuitika. Sasa mwite wewe. Mmelingana."

Alimpokea mbuzi. Nilirudi kwa miguu.

Tangu siku ile hakuna mtu duniani anayeniita Pakine. Mwezi uliopita nilikuwa mnadani Karatu, nimebeba gunia la vitunguu la mtu, nikasikia nyuma yangu: "Pakine! Pakine, upo?"

"Nipo!" nilipiga kelele. Gunia likaanguka. "Nipo hapa!"

Mfugaji mmoja wa makamo alikuwa ananishangaa.

"Si wewe, kaka. Namwita mwenzangu." Kisha akaniangalia vizuri usoni. "Nisamehe."

Nilimwambia hana kosa, aite tena.

Akaita. Na nyuma ya malori, mwenzake akaitika.