Shati la Baba Kulwa

Nyie mnaonishonesha nguo hapa Shinyanga, ni heri mlisikie hili kwangu kabla halijawafikia kutoka sokoni.

Mama Kulwa aliniletea amerikani aliyoifunga vifundo kwa uzi na kuichovya kwenye rangi ya nili, ikatoka ya bluu yenye miduara myeupe. Alitaka shati la mumewe, anayefanya kazi mgodini Mwadui. Aliniagiza niiloweke kwanza kwenye maji ya chumvi ili rangi ishike. Nikaitikia, lakini mvua zilikuwa haziachi nguo ikauke, nikakata hivyo hivyo.

Shati likatoka zuri mno, na Jumapili kulikuwa na harusi Didia. Mafundi tuna tabia ya kuvaa nguo za wateja. Wenyewe tunaita kujaribu mshono. Nililivaa juu ya fulana yangu nyeupe, nikacheza mpaka jasho likanitiririka. Usiku nikalifua, asubuhi nikalikausha kwa pasi ya mkaa.

Mchana Mama Kulwa akaja, akalichukua shati kwenye kamba, akasimama nyuma yangu akiligeuzageuza.

"Fundi, mbona limepauka?"

"Rangi za mikono ndivyo zilivyo," nikamjibu, macho kwenye cherehani. Kwa joto la siku ile nilikuwa nashona na fulana tu, ile ile ya harusini. Kwa mbele ilikuwa safi. Mgongoni sikuwa nimejitazama.

Akasogea, akanigusa fulana kwa kidole.

"Na hii miduara ya mgongoni kwako," akasema, "nilikufunga lini?"