Ngano ya Mchana ya Raheli wa Ihumwa

Jua limeshapanda Ihumwa. Raheli amepiga magoti mbele ya jiwe lake la kusagia, kando ya reli ya Wajerumani, na jasho linamtiririka. Kivulini wamejitupa wapagazi wa jeshi wakisubiri unga. Kila vibaba vitatu anavyosaga, kimoja ni chake.

"Mbukwenyi," anawasalimia kwa Kigogo, kisha bila kuombwa anaanza: "Paliondokea bwana mmoja..."

Hapo ndipo penye ajabu. Huku Ugogo hata mtoto anajua kuwa ngano ni za usiku, na anayezisimulia mchana huota mkia. Raheli anasimulia mchana kweupe tangu vita vianze, tena ngano ile ile moja.

"Nitazame," humwambia anayemkanya, huku akijigeuza. "Umeuona huo mkia?"

Bwana wa ngano alikuwa na fahali aliyeitwa Baka, akampenda kupita kiasi. Baka akafa kwa sotoka, ugonjwa ule unaofyeka ng'ombe. Tangu hapo bwana kila akipiga chafya husema, "Baka wangu!" Siku askari walipokuja kukamata wapagazi, alimwambia mkewe anakwenda shambani kuamia ndege. Ndege wakala uwele wote, bwana hakurudi. Mke akabaki na watoto wawili.

"Halafu?" wapagazi huuliza.

"Halafu niambieni ninyi mnaotembea."

Jirani yake Loisi, ambaye husaga naye, alivumilia weee, juzi uzalendo ukamshinda.

"Mama Emilia, mimi na wewe tumebatizwa siku moja, usinizungushe. Ngano ya mchana si ngano. Huyo bwana ni mumeo Matonya."

Raheli hakubisha. Alikuwa amechoka kuficha.

"Ukimuuliza mtu habari za mumeo, atakuonea huruma akudanganye," alieleza. "Ukimpa hadithi, atakuongezea anachokijua. Sijui mimi ni mjane au nimeachwa. Mjane hulia, akanyolewa nywele, akamaliza. Mimi nimalize vipi?"

Ndugu wa mumewe wanamwambia asubiri. Kusubiri si kazi ngumu kwa anayemwambia mwenzake asubiri.

Leo kati ya wapagazi yumo Yahaya, kijana wa Kolo, mcheshi, miguu imempasuka kwa safari. Raheli anapofika kwenye chafya, Yahaya anaangua kicheko.

"Mama, hadithi yako ina mwenyewe! Kilimatinde tulilala kwa mtu wa namna hiyo hiyo. Akipiga chafya, 'Baka wangu!' Mkewe humcheka mpaka machozi."

Jiwe linasimama. Loisi anamtupia kijana jicho la kumnyamazisha, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Mkewe?" anauliza Raheli.

"Ndiyo, mama. Ana mtoto mchanga mgongoni."

"Na yeye mwenyewe? Mzima?"

"Mzima wa afya. Amenenepa."

Raheli anakung'uta unga mikononi. Anawapimia wapagazi unga wao, na kibaba cha Yahaya anakijaza mpaka kinamwagika. Kijana anashukuru na kuondoka na wenzake, bila kujua amemwambia nani nini.

Ndipo Raheli analia. Analia kwa hasira, kwa aibu, na kwa kitu kingine ambacho mwenyewe anashangaa kukikuta moyoni mwake.

"Nilijiandaa kumlilia maiti," anasema akijifuta kwa kanga. "Kumbe maiti ananenepa. Lakini, Loisi, nimefurahi kuwa yu hai. Ni ujinga?"

"Ni ujinga," Loisi anamjibu, na kumshika mkono.

Akiulizwa atafanya nini sasa, Raheli hamtaji mchungaji wala baraza la ukoo. Anaangalia upande wa mashamba.

"Kuna kipande sijakigusa misimu miwili. Ni chake, nilikuwa namwachia. Mvua zikianza nakilima. Napanda njugu mawe."

"Matonya si hapendi njugu mawe?" Loisi anauliza.

"Hata kuziona."