Maziwa ya Nyirabahizi

Mdogo wangu Fanny alikuwa na mdomo. Simsemi vibaya, kila mtu wa Kalundu atakuambia hivyo hivyo. Asubuhi mitumbwi ikirudi, wanawake hamsini wanagombania ndoo za ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, lakini sauti inayofika mpaka juu barabarani ilikuwa moja: "Ndagala ya leo! Haijalala! Mwenye kutaka ya jana aende kwa wengine!" Wengine hao tulikuwa tumesimama pembeni yake, na mmoja wao ni mimi, Ernestine, dada yake wa tumbo moja. Nilikuwa nakasirika, kisha nacheka. Mume wake alimkimbia zamani akaenda Kalemie. Fanny alisema sasa masikio yake yamepumzika. Sisi tulisema yaliyopumzika ni ya bwana.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Nyirabahizi, mama wa maziwa, aliyeteremka kutoka milimani kule juu wakati wa vita na hakuweza kurudi. Kila asubuhi alipita na bidoni yake, dumu la njano. Watu wa mtaa walinunua, lakini kwanza walimwambia aonje yeye mwenyewe mbele yao. Kwetu, mtu akikonda bila sababu, akivimba bila sababu, tunasema ni karuho: sumu ya polepole, unayopewa ndani ya kinywaji na mkono unaoujua. Na watu wa kule juu tuliwasingizia karuho hata kabla hawajafungua bidoni. Fanny peke yake hakumwonjesha. Alikunywa hapo hapo amesimama, akajipangusa mdomo kwa kitenge, akasema kwa nguvu ili tusikie: "Nikifa, mujue nimekufa nimeshiba!"

Tulicheka sana siku hizo. Baadaye tulilikumbuka neno hilo kwa njia nyingine.

Jino la nyuma, la chini, lilimshika mwezi wa tano. Siku mbili hakuita wateja, na pwani ikawa kimya mpaka watu wakauliza nani amefiwa. Jumamosi tulienda kwa Frédéric, anayeng'oa meno nyuma ya soko, kwenye kiti cha plastiki. Frédéric hakusoma popote. Alikuwa mbeba mizigo bandarini mpaka mgongo ulipokataa, akarithi koleo za mjomba wake. Anazisuuza ndani ya sahani ya maji, maji yale yale tangu asubuhi. Nilimwona kwa macho yangu na sikusema kitu. Mimi ndiye niliyemshika Fanny kichwa.

Jino lilivunjika. Frédéric akaanza kuchimba mzizi, Fanny akamsukuma mkono, akatema damu: "Weye Frédéric, unatafuta jino ao unatafuta zahabu?" Ulikuwa mzaha wake wa mwisho. Frédéric alipomaliza, alifungua kidonge cha rangi mbili, nyekundu na nyeusi, akamwagia unga wake ndani ya shimo. Ati funga mdomo, mama, imeisha.

Kwa kuwa hakuweza kutafuna, Nyirabahizi alimletea maziwa ya bure, Jumamosi ile, Jumapili, Jumatatu. Jumatatu shavu likajaa. Sawa, nikasema, ni jino. Lakini Jumanne uvimbe uliteremka chini ya kidevu, ukawa mgumu kama ubao, na meno hayakufunguka tena. Nyirabahizi alileta kibuyu kidogo cha maziwa. Fanny akaweza kufyonza kidogo tu, yaliyobaki nikayafunika. Nikakaa nikifikiri: shimo liko ndani ya mdomo, sasa shingo inavimba kwa nini? Hiyo ndiyo akili yangu yote niliyokuwa nayo.

Nikatoka uani nikawaambia majirani: "Hii hapana jino. Hii ni karuho."

Mimi ndiye niliyesema. Si jirani, si mchungaji. Mtu asinihurumie hapo. Kabla jua halijashuka, mtaa mzima ulikuwa unasema, kila mmoja kama amelivumbua mwenyewe, na wote wakakumbuka: si alisema atakufa ameshiba? Nikakificha kile kibuyu chini ya kitanda, kiwe ushahidi.

Jumatano asubuhi Fanny hakuweza kulala wala kuegemea. Alikaa ameinama mbele, mate yanadondoka, pumzi inapiga filimbi. Nyirabahizi akaingia, akatua bidoni, akamshika shingo.

"Dada Ernestine, huyu muntu anakufa. Ni ile jino. Usaha unafunga njia ya pumzi. Mumupeleke kwa muganga wa hospitali sasa hivi."

"Ee! Weye ndiyo unajua muzuri kitu kinamuua?"

Aliniangalia, akaelewa. Lakini Fanny alikuwa amesikia, akanivuta kitenge, akanionyesha mlango, akapiga mguu chini. Basi tukapanda pikipiki, Fanny kati yangu na dereva, tukaenda kwenye kituo cha afya.

Muuguzi aliitwa André, kijana mwenye maneno machache. Alimtazama mara moja tu. "Jino limeoza mpaka shingoni. Ninamupiga sindano ya kwanza hapa, kisha mukimbie hospitali kubwa, wamupasue usaha utoke. Mama, hatuna saa ya kupoteza." Alikuwa ameshavuta dawa, sindano iko mkononi.

Sasa unisikilize, kwa maana mtu wa mbali hataelewa. Kwetu inajulikana: mwenye karuho hapigwi sindano. Ati sumu ikikutana na sindano, inapanda moyoni, mtu anakatika hapo hapo. Nilikuwa nimelisikia tangu utoto. Sijawahi kuona aliyekufa hivyo, hata mmoja. Lakini nililiamini kama ninavyoamini kwamba moto unaunguza.

Nikaruka mbele yake. "Hapana! Hapana kumupiga sindano! Iko na karuho, utamuua!"

"Karuho gani, mama? Ni jino!"

"Minye ndiyo dada yake! Weye unamujua?"

Ndipo Fanny akafanya kitu. Hakuweza kusema hata neno. Mdomo wote ule wa Kalundu, na siku hiyo alibaki na mkono tu. Akapandisha mkono wa blauzi mpaka begani, akamnyooshea André.

Mimi nikaushusha.

Akaupandisha tena. Nikaushusha tena, nikambana mkono kifuani pangu kwa nguvu, nikamwambia, "Mudogo wangu, ni sumu inakupoteza akili." Aliniangalia. Tulishapigana mara nyingi, tukatukanana mbele ya watu, lakini kwa macho yale hakuwahi kuniangalia. André alipiga kelele, aliomba, kisha akanipa daftari nitie saini kwamba familia imekataa. Nikatia saini, jina zima, vizuri.

Nikampeleka kwa Papa Osée, anayetapisha karuho. Osée alitwanga majani yake, akayachanganya na maji, na kwa kuwa meno yalikuwa yamefungana, akavuta shavu pembeni, akayapitisha kwenye lile pengo la jino. Fanny akapaliwa. Alijishika koo, akapiga miguu, nami nikamshika kichwa, kama kwa Frédéric. Saa sita ya mchana alikuwa amekufa, amekaa, hakutapika kitu.

"Mulikawia kumuleta," akasema Osée.

Mchana huo huo watu wa mtaa walienda kwa Nyirabahizi na mawe. Akatoka na watoto wake wawili na godoro moja, na mpaka leo sijui aliko. Sikwenda kurusha, ila nilikuwa mlangoni nikisikia, na nikasema moyoni: vizuri.

Kwenye matanga wanawake walinishika mikono. "Ulimupigania mudogo wako," wakaniambia. "Ulimupigania mpaka mwisho." Mmoja alitoa ushuhuda kanisani kwamba nilimzuia muuguzi kumuua Fanny kwa sindano, na watu wakasema amina. Lakini mimi ndiye niliyemwosha maiti. Nilipomvua blauzi, ule mkono ulikuwa na alama za vidole vyangu, vinne na kidole gumba.

Tulizika Ijumaa. Jumamosi watu walipotawanyika, nilivuta kibuyu kutoka chini ya kitanda. Maziwa yalikuwa yameganda, maziwa yale yale ya Jumanne. Nikakaa kwenye kiti cha Fanny nikayanywa yote, mpaka nikalamba mdomo wa kibuyu, kisha nikangojea. Nilijishika shingo. Nilijishika tumbo. Niliomba, Mungu anisamehe, niliomba kwa machozi iwe kweli ni sumu.

Jioni nikasikia njaa, nikala.