Waliokaa Pembeni Siku ya Kura ya Filamu

Sogea karibu kidogo, msikilizaji wangu, maana jambo hili linataka kuelezwa taratibu, na kueleza ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima Morogoro mjini. Pamoja na kufundisha kusoma na kuandika, nilipangiwa kufuatana na gari la sinema vijijini, nisimame kando ya shuka jeupe niwaeleze watu kile wanachokiona.

Nilipenda filamu kupita kiasi. Kila Jumapili alasiri ungenikuta kwenye jumba la sinema la mjini, safu ya tatu, na daftari gotini. Ofisini walinijua kwa utabiri. Gazeti likifika na orodha ya filamu za nje zilizopendekezwa kwa tuzo kubwa, wenzangu waliniletea kabla hawajasoma habari za mpira. Filamu zenyewe tulikuwa hatujaziona. Zilitufikia baada ya miaka, zimekatika vipande, au hazikutufikia kabisa, kwa hiyo nilitabiri kwa aya mbili za gazeti. Kanuni yangu niliwafundisha wote bila choyo: waamuzi wanapenda huzuni yenye adabu, basi filamu ambayo mtu mkubwa anakufa polepole itaishinda filamu ambayo mtu mdogo anakufa ghafla. Wenzangu walicheka. Mara nyingi nilipatia.

Mwaka mmoja likaja shindano la hapa nyumbani. Filamu fupi tatu za elimu zilikuwa zimepita mchujo, na kabla ya waamuzi kukaa Dar es Salaam, kila mkoa ulitakiwa kuzionyesha katika vijiji vichache, kupigisha kura ya mikono kwa kila filamu na kuandika maoni. Itakayoshinda ingetolewa nakala nyingi, kila wilaya ibaki na yake, iwe inazunguka na gari la sinema. Zitakazoshindwa zingerudishwa ghala la filamu. Shika hilo la nakala, tutalihitaji.

Na nitakuambia sasa hivi jambo ambalo mimi siku ile sikulijua, ili usipotee kama nilivyopotea. Filamu ya tatu ilipigwa Mgeta, kwenye miteremko ya juu ya Uluguru, miaka miwili kabla. Ndani yake kuna msichana anayeshuka njia ya mlimani na tenga la kabichi kichwani. Anafika karibu na kamera, anacheka, anainua mkono mmoja, anapita. Muda wote huo ni wa kuvuta pumzi tatu. Masika yaliyofuata njia ile ile ilimomonyoka chini ya miguu yake akiwa na tenga lile lile. Hakuwahi kupigwa picha nyingine maishani mwake. Mama yake alikuwa ameketi mbele yangu, safu ya kwanza, siku tuliyopeleka filamu kijijini kwao.

Gari liliishia barabarani, pale malori yanapopakia mboga za Dar. Kutoka hapo wanaume wanne walibeba jenereta kwa miti, kama jeneza, na fundi wa sinema, mtu wa Tanga mwenye maneno, alibeba projekta mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu. Mimi nilibeba mfuko wa karatasi.

"Mwalimu, hiyo ya tatu unaionaje?" aliniuliza njiani.

"Dhaifu. Kamera inatetemeka, upepo umeingia kwenye sauti, muziki hakuna. Itashinda ya pili."

Ya pili ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Nyuzi zilikimbia kama mvua, mashine zikapiga kwa mpangilio, picha zikaungwa kwa ustadi. Ya kwanza ilihusu kuchemsha maji. Daktari aliongea mwanzo mpaka mwisho kama redio iliyovalishwa koti.

"Mpiga picha alikuwa anapanda huku anapiga," alisema fundi. "Wewe umepanda na karatasi tu, tazama magoti yako yanavyotetemeka."

Tulionyesha mchana, ndani ya ghala la ushirika, madirisha yamezibwa kwa magunia. Watu walijaa mpaka mlangoni. Kwanza nilitoa somo, na nilijivunia somo lile. Niliwaeleza kwamba kuhukumu filamu ni kama kuhukumu shauri. Hutazami nani kaileta, unatazama kazi.

"Ndugu zangu," nikasema, "kwenye baraza lenu mwenye ndugu ndani ya shauri anafanya nini?"

"Anakaa pembeni," wakajibu wote.

"Basi na hapa iwe hivyo hivyo."

Nilichokuwa nacho akilini ni watu wa mjini wanaosifia filamu kwa sababu binamu yao kapita nyuma ya basi. Nilidhani natoa mfano mwepesi wa kuwachangamsha. Sikujua kwamba kwao huo haukuwa mfano, ulikuwa sheria, na kwamba mgeni niliyetumwa na serikali nilikuwa nimeitamka kwa kinywa changu mbele ya kijiji kizima.

Ya kwanza walimcheka daktari. Ya pili walishangilia mashine. Ya tatu ilipoanza, ghala likanyamaza. Msichana alipita. Mama mmoja wa safu ya kwanza alijivuta mbele kwa magoti mpaka kivuli cha kichwa chake kikaingia sehemu ya chini ya shuka, nami nikamwambia kwa upole, "Mama, rudi nyuma kidogo, unawazuia wenzako." Akarudi. Nikaandika kwenye daftari: *Ya tatu, watu wamechoka.*

Ikaja kura. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama muda wote, lakini tulipofika ya tatu aliketi juu ya gunia akamwachia katibu ahesabu. Nilidhani naye amechoka. Ikanyooshwa mikono tisa. Ya kiwanda ilikuwa imepata themanini na kitu.

"Tisa?" fundi aliniuliza kwa sauti ya chini. "Mwalimu, ukimya ule haukuwa wa watu tisa."

"Ukimya haupigi kura, fundi."

Nikajaza fomu, mwenyekiti akatia sahihi na muhuri. Chini, mahali pa maoni, nikaandika kwamba filamu ya tatu haikuwagusa hata wenyeji wa mahali ilipopigwa. Niliona hilo ni hoja nzito, ya kitaalamu, nikaipigia mstari.

Tulikuwa tumeshaanza kuteremka yule mama aliponifikia. Alishika fungu la njegere mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Chukua mboga." Akaniwekea njegere juu ya mfuko. "Ile ya kabichi itarudi lini?"

Nikamweleza vizuri, kama nilivyozoea. Ikishinda, wilaya itapata nakala, nayo itarudi kila mwaka. Isiposhinda, inakwenda ghalani.

"Yule aliyecheka ni binti yangu," akasema. "Amefariki. Mimi sikunyoosha mkono. Ulisema mwenye ndugu akae pembeni, nikakaa."

"Pole sana, mama," nikasema. "Lakini mkono mmoja usingebadilisha kitu."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mgumu wa kuelewa. "Mwalimu, mwenyekiti ni mjomba wake. Ukoo wetu ndio kijiji. Walionyoosha ni wale waliohamia mwaka jana."

Fundi alitua projekta kwenye jiwe. "Turudi," akasema. "Watu bado wapo ghalani. Wapige tena."

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize bila kunionea huruma. Ningeweza kurudi. Ulikuwa mwendo wa robo saa tu. Lakini ukungu ulikuwa unashuka, wabebaji walishatangulia na jenereta, na fomu ilikuwa na muhuri. Nilimwambia fundi kura haipigwi mara mbili kwa sababu ya machozi. Nilimwambia mama kwamba alichofanya kilikuwa haki kabisa na kwamba nchi inahitaji watu kama yeye. Nilimsifu. Akaitikia kwa kichwa, akapanda kurudi kwake.

Fundi hakunitania tena mpaka mjini. Tulipopita Kingolwira, wiki iliyofuata, tukielekea Dar na fomu zote za mkoa, alisema neno moja tu, huku anatazama mashamba ya gereza: "Njegere ulikula?"

Nilikula.

Filamu ya kiwanda ilishinda. Ofisini walinipigia makofi, wakaagiza chai na maandazi, mmoja akasema nihamie kwenye kutabiri mvua. Utabiri wangu ulikuwa sahihi mpaka nafasi ya tatu. Katika sababu za waamuzi palikuwa na maneno niliyoyatambua: filamu haikuwagusa hata wenyeji.

Ilinichukua karibu mwaka kupata ruhusa ya kwenda ghala la filamu kuulizia mkanda ule. Mtunzaji alikuwa mtu mwema, alinitafutia muda mrefu. Akaniletea kopo la bati, akalifungua. Joto na unyevu vilikuwa vimegandanisha mkanda ukawa kama sabuni. Alijaribu kuuvuta kwa ukucha, ukakatika.

Nilipanda Mgeta peke yangu kumwambia. Nilimkuta anapalilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta jembe kwa majani, akasema, "Basi nieleze wewe. Wewe umeiona mara nyingi."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeiona mara kumi na moja, katika vijiji vyote. Nikaanza. Nikaeleza njia, tenga, ukungu, kamera inavyotetemeka. Alingoja.

"Aliinua mkono upi?" akauliza.

Sikujua. Ningeweza kumweleza kila uzi wa kile kiwanda, lakini ule mkono sikuwahi kuutazama.

"Wa kulia," nikasema.

"Wa kulia alishikia tenga," akasema mama. Hakuwa na hasira. Akarudi kwenye matuta yake, nami nikasimama pale mpaka nilipoona nazuia jembe.

Sitabiri tena. Ila bado naitwa siku hizi kwenye vikao vya kupigisha kura za kila aina, na vijana huniuliza namna ya kuhesabu mikono. Nawe nikueleze hivyo hivyo. Ukishahesabu iliyonyooshwa, usiandike bado. Weka kalamu chini, nenda kwa waliokaa pembeni, umuulize kila mmoja kwa nini amekaa.